Kaburi la Kuazima

Saa kumi alfajiri Subilaga aligonga dirisha
kwa mpini wa jembe.
"Amka, Kemilembe, wafu hawangoji."
Nikavaa makoti mawili, na kanga juu ya makoti,
nikamkuta barabarani na taa ya chemli,
na Lusajo, tarumbeta lake kalivisha soksi ya sufu
kama kichanga.

Mvua ya Tukuyu hainyeshi, inakaa.
Imekaa tangu mwisho wa Februari kama mgeni
aliyesahau alichokuja kuomba.
Mashamba ya chai yalikuwa meusi.
Mlima Rungwe haukuwapo.
Tulipanda utelezi tumeshikana mikanda,
na mimi, mtoto wa Kamachumu,
ninayejua Pasaka ya kengele
na gauni jipya linalonukia duka,
nikauliza: makaburini kufanya nini
siku ambayo kaburi limekutwa tupu?
Lusajo akacheka: "Twende tukahakikishe."

Kila ukoo ulikuwa na watu wake.
Wanang'oa magugu, wanapaka chokaa,
wanachomeka dalia na yungiyungi,
wanawasimulia waliolala bei ya viazi,
nani kaoa, nani kafukuzwa ualimu.
Mimi nikasimama na mikono yangu.
Hakuna kazi ngumu kama kusimama
katikati ya palizi ya wengine, wewe huna tuta.

Mama yangu yuko kibanjani, nyuma ya jiko,
siku mbili za basi kutoka hapa,
chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.
Likizo haikutoka.
Mganga mfawidhi aliandika "asubiri",
akapiga muhuri juu ya neno.

Subilaga hakuniuliza kitu.
Akanishika kiwiko, akanipeleka pembeni
kwenye tuta lililobonyea chini ya mparachichi.
Msalaba wa saruji, jina limeliwa na kuvu,
zimebaki herufi tatu katikati: TUP.
"Shangazi yake bibi. Hakuzaa.
Huwa namfikia mwisho, nimechoka,
namlipua.
Mchukue."
Nikasema kaburi haliazimwi.
"Hata Yeye alilazwa kwenye la kuazima," akasema,
"na siku ya tatu akalirudisha."

Nikapiga magoti kwenye tope la baridi,
nikang'oa sangari kwa kucha.
Kinyakyusa changu kinaishia kwenye *ndaga fijo*,
nikampa Kihaya:
kwamba baba ameacha rubisi,
kwamba mgomba wa mlangoni umeanguka na mkungu wake,
habari nilizokuwa nimemtunzia mwingine.
Ulimi ukateleza, nikamwita Mae.
Sikujisahihisha.

Ndipo tarumbeta saba.
Sauti ya kwanza ilikwama kwenye baridi,
ikatoka kama mbuzi, watoto wakacheka.
Ya pili ikatoka nzima.
Bwana amefufuka!
Amefufuka kweli kweli!
Na ukungu ukabaki palepale,
na mlima haukujionyesha,
na hakuna aliyeudai.

Mchana, kwa Subilaga, tulibishana ndizi.
Kwao hivi, kwetu vile,
hadi akaingia Hashimu wa maabara, mtu wa Pangani,
aliyefunga Ramadhani yote akitupimia damu,
na nazi mbili zilizosafiri kuliko sisi sote.
Alizikuna mwenyewe. Akakataza mtu kugusa sufuria.
Tulikula mpaka Lusajo akalegeza mkanda uleule
niliokuwa nimeushikilia alfajiri.

Jumatatu baba alipiga simu.
"Pasaka umekula na nani?"
Nikamweleza. Akanyamaza,
nikasikia kuku wake, na upepo wa kule.
"Huyo mama, jina lake?"
Nilikuwa nimemuuliza Subilaga, naye hana hakika:
ama Atupele, ama Atupakisye.
Ama ametupa, ama ametuhurumia.
"Uliza vizuri," akasema baba.
"Mtu hapaliliwi bila jina."

Kucha zangu bado zina udongo.
Sabuni ipo.