Nauli ya Kurudi

Msanjila kalaza daftari juu ya kreti la zabibu,
kalamu kaipachika sikioni kama seremala,
anasema: tuanze na milima.
Mimi nasema: tuanze na bahari.
Ndivyo ilivyoanza safari yetu ya Tanga,
hapa Mpunguzi, saa mbili usiku,
umeme umekatika, tochi ya simu imebaki asilimia tisa.

Yeye anaitaka Lushoto. Anataka ukungu
unaoingia dirishani bila hodi,
anataka blanketi mbili mwezi wa tisa,
kula peasi, kupita kati ya matuta ya kabichi
yaliyoning'inia mlimani kama nguo zilizoanikwa.
"Nimechoka na ardhi bapa," anasema.
"Hapa ukimwita mtu
anakuona ukimwita kabla hajakusikia."

Mimi naitaka Pangani.
Sitaki kuogelea. Nani alinifundisha kuogelea,
korongo la mchanga?
Nataka kukaa tu, miguu majini,
nitazame maji ambayo hakuna aliyeyapangia foleni,
ambayo hayajabebwa kichwani,
hayana bei ya ndoo.

Mwaja, wa miaka sita, anauliza bahari ni nini hasa.
Baba yake anakuna kidevu.
Unaijua Bahi, mvua ikizidi, maji yanapotanda?
Basi bahari ni Bahi iliyokataa kukauka.
Mtoto anatulia kidogo.
"Na kambare wake je?"

Tunapiga hesabu.
Treni hadi Morogoro. Basi hadi Segera,
jingine la Mombo, halafu kile kigari cha kupanda mlima.
Siku tatu juu, siku tatu chini.
Watu wawili na nusu.
"Nusu gani," anasema Msanjila, "tutampakata."
Mtoto mwenye miguu mirefu kuliko tiketi!
Samaki: sijui bei. Naandika "samaki" na kuacha pengo.
Na fedha? Kiwanda kimesema kitalipa zabibu Ijumaa.
Hakikusema Ijumaa ipi.

Ukurasa ukaisha. Daftari lenyewe
ni la marehemu baba mkwe, tunabana matumizi
hata kwenye karatasi.
Nikafunua nyuma kutafuta pa kuandikia,
nikakuta mwandiko wake, wino wa buluu uliochuja:

*Tanga. Mimi na mama Msanjila. Siku nne.*
*Basi 310. Chakula 200.*
*Machungwa, Muheza, njiani.*
*Kanga, doti moja, achague mwenyewe.*

Agosti, themanini na sita.
Na ukurasa unaofuata, mwandiko uleule, umebanwa zaidi:
*Salfa ya ukungu, mifuko miwili.*
Jumla haikupishana hata senti.

Msanjila kaitoa kalamu sikioni.
Hakusema tena kuhusu ukungu.

Bibi Mbeleje yuko mlangoni, anachambua mlenda gizani,
vidole havihitaji taa.
Tukamsomea.
"Hakuniambia," kasema.
Tukasikia majani makavu yakianguka kwenye ungo,
muda mrefu.
"Nisomee tena hapo kwenye kanga."

Nikasoma. Nikasoma tena bila kuombwa.

"Baba hakuandika nauli ya kurudi," kasema Msanjila,
akijaribu kucheka. "Alisahau."
"Baba yako," kasema Bibi, "hakuwa mtu wa kusahau."
Akapepeta ungo, akapuliza makapi,
akauliza kama huko Lushoto kuna baridi kweli
au ni maneno ya watu,
na kama zabibu zitapogolewa na nani
sote tukiwa tumeondoka.

Sote.

Nikafuta "wawili na nusu", nikaandika "watatu na nusu".
Chini ya samaki, kwenye lile pengo,
nikaandika: kanga, doti moja.
Hapo umeme ukarudi.
Jumla ikaonekana vizuri kuliko tulivyotaka,
ndefu, imenyooka,
nikaifunika kwa kiganja.