Ziwa la Matofali Mawili

Feri ilitutema Lutoboka saa kumi na moja na nusu jioni:
mimi, begi la mkono, na shilingi laki moja na elfu kumi
nilizofunga penye pindo la leso.

Kwanza nilipanda kilimani, penye bendera na taa za rangi.
Kijana wa mapokezi alinifungulia dirisha kabla ya kuwasha taa,
maana alijua anachouza.
Ziwa lote! Kutoka mkono wa kushoto hadi mkono wa kulia,
na visiwa vimekaa juu yake kama mandazi kwenye karai.
"Elfu themanini," akasema, "na chai asubuhi."
Nikauliza, bila ziwa ni kiasi gani?
Akanionyesha chumba cha nyuma. Arobaini.
Dirisha linatazama tangi la maji na jenereta.

Nikapiga hesabu: ziwa peke yake ni elfu arobaini kwa usiku,
na usiku halionekani.

Nikarudi kile cha mbele, nikainua kona ya shuka.
Miaka kumi na tisa nimefua mashuka ya hospitali pale Bombo,
katika chumba kisicho na dirisha hata la kupitisha nzi.
Shuka haliwezi kunidanganya.
Lile la elfu themanini lilipigwa pasi
juu ya jasho la mtu mwingine.
Nikasema asante, nikashuka.

Chini, mwanamke aliyekuwa akigeuza dagaa kwa ufagio
aliniuliza natafuta nini.
Pa kulala, nikamwambia, pasafi, kwa bei ya binadamu,
na kama Mungu ana nafasi, maji ya kutazama.
"Nenda kwa Nabatanzi," akasema. "Ana ziwa dogo."

Nilidhani ni masihara.

Nabatanzi, mjane wa fundi wa injini za boti,
ana vyumba vinne, na zamani alikuwa na ziwa zima,
mpaka mwaka juzi, tajiri wa mawese alipojenga ghala mbele yake.
Ukuta ulipanda, kozi baada ya kozi,
visiwa vikazama kimoja kimoja.
Hakwenda kwa mwenyekiti. Hakwenda mahakamani.
Alikwenda kwa mwashi, na matoke, na kichwa cha sangara,
siku tatu mfululizo.
Siku ya nne mwashi akasahau matofali mawili.

"Tajiri anadhani ni tundu la hewa,"
akaniambia, akifuta kigoda kwa kanga yake.
"Elfu thelathini. Ningekuwa nalo lote ningekutoza sitini,
lakini siuzi nisichonacho."

Nikainua kona ya shuka.
Jua. Sabuni ya mche.
Na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa rangi ileile,
na mtu asiyetarajia kusifiwa.
Nikafungua leso, nikalipa siku tatu.

Asubuhi nilivuta kigoda hadi dirishani.
Boti ikapita: pua kwanza,
kisha mtu anakumba maji kwa kopo,
kisha mgongo wa mtu mwingine, kisha mkia, kisha basi.
Mnandi akaingia, akatoka.
Halafu kitambo kirefu hapakuwa na kitu,
maji tu, rangi ya sufuria, baadaye rangi ya chai kavu,
nami nimeshika kikombe kilichopoa
kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Saa tatu ilipofika, kule kilimani,
mapazia ya elfu themanini yalikuwa bado yamefungwa.

Siku ya kuondoka, juu ya feri, niligeuka kulitafuta lile tundu.
Kisiwa kizima kilikuwa mbele ya macho yangu, bure,
miti, mabati, moshi wa majiko,
na ghala la tajiri jeupe kama jino la bandia.
Tundu sikuliona.
Nikapunga mkono hata hivyo, kuelekea ukutani,
taratibu,
ili kama yuko mtu kwenye kigoda
nipite nikiwa mzima.