Chini ya Sukari Robo

Mnunuzi alikuja Chikongola na futi kamba,
akapima mpaka uvungu wa kitanda cha mama.
"Nyumba haina bei," akasema. "Nanunua kiwanja."
Mfaume akacheka naye.
Mimi nikakuna nazi nisiyoihitaji.

Usiku tukatupiana:
nani alituma hela,
nani alimgeuza mgonjwa.
Likwata akasinzia katikati ya maneno.

Alfajiri Mfaume akauliza,
"Mnada wa kwanza wa korosho, lini?"
"Oktoba."
"Basi fungu langu unilipe kwa misimu mitatu.
Likwata achukue chumba cha barabarani."

Tukaandika kwenye daftari la mama la madeni,
chini ya *sukari robo, Bi Nantete, bado*.

Akatia sahihi.
Akachomoa ufunguo wake, akautazama.
"Huu nibaki nao?"

Nikamsogezea chai.