Swali la Kumi na Nne

Ofisi ya ustawi wa jamii, Rēzekne, ghorofa ya pili.
Bomba la joto linagonga kama mtu asiyefunguliwa mlango.
Nimepewa karatasi nyeupe na siku tisa:
andika upya, Skaidrīte,
nani asaidiwe, nani arudishwe.

Zamani nilijua. Fomu ilijua kwa niaba yangu.
Swali la kumi na nne: Una chombo chochote chenye magurudumu?
Arvīds Ločmelis, wa kiwanda cha maziwa kilichofungwa Machi,
akaandika: Ndiyo. Gari. Halina injini.
Lilikuwa ghala lake,
viti vya nyuma viazi, kiti cha dereva karoti.
Nikagonga muhuri: ANA MALI.
Akaikunja ile karatasi mara nne, akanishukuru.
Shukrani ile ndiyo inayoninyima usingizi.

Tulifundishwa akiba haiozi.
Yetu ilioza usiku mmoja, Ijumaa kuamkia Jumamosi,
na asubuhi mashine ukutani ikatema kadi
kama mtoto anayekataa uji.

Kisha kisu kikatugeukia tulioshika mpini.
Ulikatwa mshahara, ikaondolewa meza, nikaondolewa mimi.
Januari nikasimama upande wa pili wa kioo changu mwenyewe,
nikaona, kwa mara ya kwanza,
kwamba tundu la kusemea limetobolewa chini mno:
lazima uiname ndipo utaje jina lako.
Miaka kumi na sita nilidhani
watu wa mji huu ni wanyenyekevu.

Mtaalamu kutoka Riga alikuja na projekta.
"Wavu wa usalama," akasema, "usigeuke kitanda."
Ausma wa uhasibu akamuuliza
kama amewahi kulala juu ya wavu.

Sasa wameniita tena; fomu zimeishinda mikono.
Nimelifuta la kumi na nne.
Nimeandika: msaada uanze siku ya kuomba,
si siku ya arobaini,
mtu akishakopa hadi kwa jirani anayemkwepa.
Na neno moja, kwa woga: haki.

Rasimu imerudi kutoka kamati ya bajeti,
kila kitu kimepunguzwa kidogo, kwa adabu.
Haki imezungushiwa wino mwekundu.
Pembeni: labda hisani?
Najua wanachoogopa. Hisani hulala mwenyewe akilala;
haki huamka alfajiri ikabisha hodi.
Wino haufutiki. Nimeliandika tena juu yake, kwa penseli,
nimekandamiza hadi karatasi ikatoboka.

Leo fundi amekuja na keekee.
Namwonyesha kwenye kioo: hapa,
usawa wa mdomo wa mtu aliyesimama wima.
"Una kibali?"
"Sina. Toboa."

Barua mpya ya Arvīds niliipeleka kwa miguu.
Jirani anasema yuko Ayalandi, anachuma uyoga gizani.
Gari lipo. Viazi vimechipua,
vyeupe, virefu,
vinapapasa kioo kutoka ndani.
Nimeichomeka barua chini ya kifuta mvua,
kama faini.