Zamu ya Kumi na Tatu

Sisi ni kumi na wawili, na daftari ni moja,
la viboksi, jalada limelowa mafuta ya samaki.
Jumamosi, soko la Katuba likianza kufunga mifuko,
tunakalia ndoo zilizopinduliwa
na kila mmoja anatoa chake: faranga zilizokunjwa mara nne,
zenye joto la kiuno, zenye harufu ya makayabu.
Mimi ndiye ninayeandika.
Wiki hii Mama Kyungu, wiki ijayo Mama Monga.
Likilimba huzunguka kama sahani ya bukari:
hakuna anayeshiba, hakuna anayelala hivihivi.

Ndipo akaja mwalimu Musonda,
suruali imenyooka, soli zimechoka.
Akasema: yule binti wa Mwewa muuza makaa,
Ngosa, anayekaa kando ya dirisha lisilo kioo,
hesabu za mwaka mzima alizimaliza Novemba.
Sasa ananiuliza maswali
ambayo naenda nayo nyumbani, nalala nayo,
na asubuhi nayarudisha darasani kama yalivyo.

Kuna shule kule mjini, akasema,
ina maabara, ina walimu wa watoto wa namna hii.
Alipoitaja minervali yake
Mama Monga alicheka
jinsi mtu anavyocheka daktari akimtajia bei.

Mama Kyungu hakucheka.
Eritie wake yuko darasa la nne kwa mara ya tatu.
Akauliza: mwenye kichwa si anacho tayari?
Kipofu ndiye hupewa fimbo.
Mbona hii fimbo tunampelekea mwenye macho?

Lori la mawe ya shaba likapita,
vumbi jekundu likakaa juu ya nyanya,
tukapangusa nyanya, moja moja, muda mrefu
kuliko nyanya zilivyohitaji.

Swali lile sina jibu lake hadi leo.
Nililiandika pembeni ya ukurasa kwa penseli
nisije nikajifanya nimelisahau.

Lakini wa kwanza kutoa alikuwa yeye,
Mama Kyungu, bila kututazama,
kama mtu anayelipa deni la jirani.
Tukafungua mstari wa kumi na tatu chini ya majina yetu.
Mbele yake sikuandika Mama Fulani.
Niliandika: Kichwa.

Hakuna aliyekuja na kamera.
Hatukuvaa fulana zenye maandishi.
Kuna wiki Mama Monga alileta nyanya badala ya faranga,
tukazipigia kelele hadi zikanunuliwa.
Kuna wiki mvua ilitula sote,
na mstari wa kumi na tatu ukabaki mweupe,
mwalimu akaenda kusihi kwa mkuu wa shule, akarudi kimya,
tukajua amesihi kwa mshahara wake.

Mwaka wa pili, likizo, Ngosa akaja kwenye ndoo zetu,
sketi imeshushwa pindo, kidole kina wino.
Akaomba daftari.
Nikadhani anataka kuuona mstari wake, ashukuru, aende.
Alisoma tangu mwanzo, akimenya karanga,
kisha akasimama ukurasa wa tisa.
Mama, hapa ulibeba moja, ukaisahau njiani.
Tangu hapo, kila zamu, Mama Kyungu anapunjwa mia tano.

Mama Kyungu akanitazama.
Mimi nikatazama samaki.

Nililipa. Wiki sita nilikula sombe bila chumvi ya maana,
nikimlaani yule mtoto kwa sauti ya chini
na kumsifia kwa wateja kwa sauti ya juu.
Mama Kyungu yeye alicheka hadi ndoo ikamtupa:
kichwa tumekilipia wenyewe, na kimeanza kazi!

Sasa kila Jumamosi anamtuma Eritie
aje kuketi ubavuni pangu, autazame mkono wangu ukiandika.
Anahesabu polepole sana, midomo inacheza,
wanawake wanakohoa, jua linashuka nyuma ya bomba la kiwanda.
Hajakosea bado.