Theluji Inashuka Kuomba Kazi

Ghala lilinuka kahawa hata baada ya kahawa kwisha.
Tulitundika magunia ukutani, mawili mawili,
ili sauti ikigonga isirudi kutusuta.
Kinanda tuliazima usharikani, Kiborloni,
kwa ahadi: Jumamosi jioni kiwe mahali pake,
kimefutwa vumbi, hakinuki sigara.

Ndesario ndiye aliyeileta hadithi.
Theluji, alisema, imechoka kutazamwa.
Inashuka mlimani na kifurushi kwapani,
inapita migombani, inaruka mfongo,
inafika Moshi kuomba kazi.
Tukacheka. Kisha Elifuraha akaacha kucheka,
akaanza kugonga sufuria kwa kijiko:
moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu.
Saba. Mwendo wa mtu anayechechemea mteremkoni.

Mimi sikupiga chochote. Mimi nilikuwa wembe:
nilikata tepu, nikaunga, nikapuliza,
na wiki nzima sikuweza kupanda ngazi
bila kuchechemea.

Tepu zilikuwa tatu tu, na ya tatu
ilikuwa na mkutano wa chama cha ushirika.
Tukarekodi juu yake. Tega sikio
dakika ya kumi na moja, chini ya gitaa:
kuna mtu anauliza bei ya kilo.

Upande wa kwanza, mteremko mtupu.
Upande wa pili theluji iko foleni
langoni pa kiwanda cha ngozi.
Karani anauliza jina. Anauliza umri.
Anauliza nani anakufahamu hapa mjini.
Kila ikijibu, inapungua.

Alhamisi usiku mabati yakaanza.
Tulisubiri mvua mpaka saa nane;
chai ikapoa, Elifuraha akalala na vijiti mkononi.
Ndesario alikuwa amekaa juu ya gunia, peku.
"Washa," akasema.
Nani arekodi mvua, nikamwambia, tepu zenyewe ndizo hizi?
"Washa. Ndiyo hiyo inayeyuka."

Nikawasha. Tepu ikaisha kabla ya mvua.

Kinanda kilirudi Jumapili, kengele ya pili imeshalia,
kibao kimoja kimenasa.
Ibada nzima noti ile ililia peke yake,
nyembamba, katikati ya zaburi, katikati ya matangazo,
hata wakati wa sadaka.
Mzee wa kanisa akafunga madirisha, akidhani ni upepo.
Sisi, benchi la nyuma, tuliinamisha vichwa
kama watu wanaosali.
Foleni ilikuwa bado haijasogea.