Taa ya Midomo

Oili inachuruzika, nyeusi kama lami,
ndani ya beseni nililokuwa nikilowekea soksi.
Nje ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Gereji yangu si gereji, ni banda la kuni
lililokubali kupokea gari baada ya kubembelezwa:
ukifungua mlango wa kushoto, wa kulia haufunguki.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mimi nimelala kabisa, chali, juu ya kadibodi,
na nati ya sampu imenigomea dakika arobaini.
Nimeipulizia dawa ya kutu, nimeitukana kwa adabu,
nimeivisha spana bomba la kufyonzea vumbi
ili mkono urefuke. Ikalia kwi! Ikasalimu amri.
Ngozi ya kidole ilibaki huko juu.

Reijo, jirani, amesimama mlangoni na kikombe chake.
"Tuulikki, mjini hiyo ni kazi ya nusu saa."
Kweli. Na ya nusu mshahara.

Lakini oili ni kisingizio, iache ichuruzike.
Kazi ya leo haimo katika kitabu cha Corolla.

Mama yangu, Aune, ana miaka themanini na moja.
Masikio yake yaliaga kwa mafungu:
kwanza ndege, kisha simu, kisha mimi.
Vifaa alivyopewa hospitalini
vikiingia garini husikia injini tu,
basi huvivua, huvitia mfukoni pamoja na peremende,
akanisoma midomo.

Kila Jumanne ya pili twaenda Rovaniemi,
kwa daktari wa macho,
maana nayo yameanza.

Kwenda, tunaongea.
Kurudi, Desemba, saa nane mchana,
giza limeshaketi barabarani kama mwenye nyumba.
Safari iliyopita alianza kunisimulia
habari za mwanamume mmoja, kabla ya baba,
aliyekuwa na pikipiki na meno mazuri.
Nikauliza, "Jina lake nani?"
Akakitazama kinywa changu gizani,
akatafuta, akatafuta,
akasema, "Ndiyo, baridi sana."

Kilomita themanini na saba.

Kwa hiyo nimenunua kitaa, kidogo kama kifungo cha koti.
Nimevuta waya kutoka kwenye fyuzi ya kiwashio cha sigara,
nimeupitisha nyuma ya dashibodi kwa sindano ya kufumia,
nikaunguza fyuzi mbili. Redio ikafa, ikafufuka
ikihutubu bei ya samaki.

Jaribio la kwanza lilinitisha:
nuru iligonga kioo cha mbele,
na sura yangu ikaelea juu ya theluji,
kubwa, imechoka, pale ambapo kesho
huenda akasimama kulungu.
La pili, nilikipaka rangi nyekundu ya kucha.
Nikafanana na mtu anayemeza kaa la moto.

Reijo akaondoka bila neno.
Nikadhani nimemchosha.
Akarudi na kopo la kahawa, tupu,
na mkasi wa kukatia bati. "Kizibie pembeni," akasema.
"Nuru ishuke, isitangetange."
Tukakata. Tukakunja. Tukafunga kwa skrubu moja
iliyokuwa imebaki kwenye kiti cha nani sijui.

Sasa Mama amekuja, kavaa buti za manyoya,
kaingia mlango wa kulia (nimefunga wa kushoto),
kakaa kwa adabu ya abiria.
Reijo anazima balbu ya banda.

Giza. Kisha kifungo cha koti kinawaka:
mwanga kiasi cha sahani ya chai,
kidevu changu, midomo yangu, basi.

Nasema, bila sauti hata kidogo:
"Yule wa pikipiki. Jina lake nani?"

Ananitazama kitambo.
Naona macho yake yanavyoifuata kila herufi,
polepole, kama mtu anayeshuka ngazi zenye barafu.

"Una oili kidevuni," anasema.

Kisha anavuta mkanda, anaufunga,
anaweka mikono mapajani, tayari kwa safari,
na injini haina hata tone.